Mume wangu anataka tulale chumba kimoja cha treni na baba mkwe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miaka minne. Naishi Temeke na mume wangu. Wakwe zangu walikuja Dar kwa ajili ya macho ya baba mkwe, akafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, na sasa wanarudi kwao Ujiji. Tumeamua kuwasindikiza mpaka nyumbani, maana mtoto wetu hajawahi kufika kwa babu yake.

Baba mkwe basi hataki hata kulisikia. Anasema mgongo wake haujiwezi, na tangu ujana wake safari ya Kigoma kwake ni treni. Ndege kwa watu wote hawa hatuiwezi. Kwa hiyo ni treni, daraja la pili kulala, usiku mbili njiani kama hakuna kuchelewa.

Sasa Shangazi, mume wangu ameambiwa chumba kina vitanda sita, na familia ikilipia vyote inapewa chumba chake, wanawake kwa wanaume. Sisi tuko watano pamoja na mtoto. Anataka alipie vitanda sita tufunge mlango wetu tulale. Kwake yeye hiyo ndiyo heshima na usalama. Mimi nikiwaza tu nguvu zinaniisha. Nimekulia Tanga, kwetu baba mkwe ukikutana naye ukumbini unapita pembeni umejitanda. Leo nilale naye chumba kimoja? Nipande kitanda cha juu yeye yuko chini? Nimemwambia mume wangu, akacheka, akasema treni si nyumba.

La pili ni woga wangu tu. Sijawahi kulala kwenye treni. Nasikia wezi wanapitisha mikono madirishani. Mama mkwe ana magoti na presha. Mtoto wangu siku nyingine bado anakojoa kitandani. Nifungashe nini, na nimwambieje mume wangu asione nawatenga wazazi wake? Tiketi atakata wiki ijayo.

Mkamwana, Temeke


Marahaba mwanangu,

Afadhali umeniandikia kabla tiketi hazijakatwa, kwa sababu jambo linalokunyima usingizi ni jambo ambalo mumeo anataka kulilipia zaidi. Akikata tiketi za kawaida, wanawake hulala chumba chao na wanaume chao. Kuchanganyika huja pale familia inapochukua chumba kizima. Kwa hiyo asilipie hicho kitanda cha sita. Wewe, mama mkwe na mtoto mtaingia chumba cha wanawake, yeye na baba yake wataingia cha wanaume, na akiomba pale dirisha la tiketi awekwe behewa moja na nyinyi, mtakuwa mnapishana koridoni.

Najua atasema pamoja ni salama zaidi. Mwambie akifikirie hicho chumba chenyewe. Vitanda vitatu upande huu, vitatu upande ule, na katikati nafasi ya mtu mmoja kusimama. Anayelala juu hupanda kwa kukanyaga ukingo wa kitanda cha mwenzake. Mzee wa umri wa baba mkwe huamka usiku kwenda haja, pengine mara mbili, pengine tatu. Akijua mkamwana kalala hapo mkono ukinyooshwa unamfikia, atajibana mpaka asubuhi kuliko kushuka mbele yako. Anayeumia hapo ni yeye kuliko wewe. Hilo ndilo la kumwambia mumeo, maana aibu yako ameshaicheka, lakini kibofu cha baba yake hatakicheka.

Ila ningekuwa wewe nisingeanza na mume. Ningeanza na mavyaa. Mkiwa jikoni wawili tu, mwambie hivi: "Mama, mwanao anataka kutulaza sote chumba kimoja na baba, mimi naona haya." Usiongeze neno. Mama wa Ujiji aliyelea watoto na kuoza mabinti atalimaliza hilo kabla ya magharibi, na wala hutasikia alilimaliza vipi. Kuhusu hiyo "treni si nyumba", mumeo ana mzaha. Mahali mtakapokula, mtakapochana nywele, mtakapomvua mtoto nguo iliyolowa na kukoroma usiku mbili, ni nyumba hiyo.

Mkishatengana vyumba, kosa ambalo wengi hulifanya ni kufungasha mizigo kana kwamba bado mko pamoja. Dawa za baba zinakutwa kwenye mkoba wako saa nane za usiku, na mlango wa wanawake umefungwa kwa ndani. Kabla hamjatoka Temeke, gaweni: mfuko wa chumba cha wanaume na mfuko wa chumba cha wanawake, kila mmoja una maji yake, chakula chake, tochi yake na dawa za wahusika. Kila mtu mzima akae na tiketi yake na kitambulisho chake, maana mkaguzi hupita hata usiku na hataki hadithi ya "iko kwa mume wangu behewa la tatu".

Macho ya baba mkwe ni kazi ya mumeo, na aanze kujifunza sasa. Kwanza mumuulize daktari wake kama jicho liko tayari kwa safari ndefu yenye vumbi. Akiruhusu, dawa ya matone itiwe treni ikiwa imesimama stesheni, mikono imeoshwa kwa sabuni, na ncha ya chupa isiguse jicho. Treni ikitembea, behewa linayumba, na ile ncha inaweza kumchoma. Kati ya Dodoma na Manyoni, hasa kiangazi, vumbi linaingia hata pale usipoona upenyo. Avae miwani, asikae dirishani, na asifikiche jicho hata likimwasha vipi.

Vitanda. Mumeo akikata tiketi aombe vya chini kwa ajili ya wazee, asingoje kubahatisha. Wakikosa, usikate tamaa, ila fanya mazungumzo mapema, treni haijaondoka, watu hawajatandika. Mabinti wengi hupenda kitanda cha juu kwa sababu hakuna mtu atakayekikalia mchana, kwa hiyo ukisema kwa adabu, "Dada, mama yetu ana magoti, tubadilishane," mara nyingi utakubaliwa. Cha chini kina adhabu yake: mchana ni kiti cha chumba kizima, na cha kati hukunjwa kikawa egemeo. Mama mkwe akitaka kujinyoosha mchana, itabidi wenzake wajue. Ongeeni saa ya kulala mapema, na nani atazima taa.

Mtoto usimlaze juu, hata kama analilia kupanda, na atalilia. Mlaze nawe, yeye ukutani wewe nje. Kitanda ni chembamba, hutalala vizuri, huo ndio ukweli. Chukua kipande cha nailoni nene utandike chini ya shuka, nguo za kubadilisha za usiku mbili na moja ya ziada, na poti yenye mfuniko. Mwamshe akojoe kabla wewe hujalala. Akilowesha, badilisha kimya kimya na usimkaripie mbele ya wageni, mtoto aliyeaibishwa ugenini usiku unaofuata hukojoa zaidi.

Choo nitakisema waziwazi kwa sababu ndicho kinachoharibu safari za wanawake. Uchafu wake hudondoka relini, kwa hiyo treni ikisimama stesheni hakitumiwi. Maji hukatika. Beba kopo, dumu la lita tano, karatasi, sabuni na ndara za mpira, na tochi ya kuvaa kichwani kama mtaipata, ili mikono miwili ibaki ya kujishikilia. Ukienda alfajiri kabla behewa halijaamka utakikuta na hali nzuri zaidi. Mama mkwe usimwache aende peke yake: wewe simama mlangoni, mwache ashike nguzo, na gauni lake refu lifungwe fundo pembeni kabla hajaingia.

Wanawake wengi, wazee hasa, huacha kunywa maji ili wasiende chooni, na wenye presha huacha vidonge kwa sababu vinakojoza. Huyo ndiye anayefika Kigoma na kichwa kinachopasuka na miguu iliyovimba. Mama mkwe anywe maji kidogo kidogo, ale vidonge vyake kwa saa zilezile za nyumbani, na kama kimojawapo ni cha kukojoza, muulizeni daktari kama kinaweza kunywewa asubuhi. Kila baada ya muda atembee koridoni hatua chache akikushika bega. Magoti yakikaa kitako siku nzima hukakamaa, kushuka kwake kukawa kilio.

Wezi wapo, sitakudanganya, lakini si kila kituo wala kila usiku. Hatari ni treni ikisimama usiku, au ikitambaa kuingia stesheni, dirisha liko wazi na simu iko hapo inachajiwa. Funga dirisha kabla ya giza, tia komeo, na uliza mhudumu wa behewa kama kuna kipande cha ubao cha kulizuia lisisukumwe. Kama hakuna, ubao wa kiasi cha mkono mmoja utoke nao nyumbani, hauna uzito. Lala kichwa kikielekea mlangoni, miguu dirishani. Mabegi yaingie chini ya kitanda cha chini, myafunge kwa mnyororo na kufuli, na lile lenye mali liwe ndani kabisa. Pesa ziwe kibindoni, au kwenye mfuko ulioshonwa ndani ya nguo unayolala nayo. Nje weka ndogo za kununulia. Msitegemee pesa za simu peke yake, kuna maporini mtandao unapotea kwa muda mrefu, na mama wa ndizi hangojei mnara. Mlango wa chumba ufungwe kwa ndani, na usiku anayebisha ajitaje kwanza.

Sasa chakula cha wageni, hapo ndipo adabu yetu inapotutia mashakani. Watu watafungua vyombo vyao na kusema karibu, na ukikataa kwa ukali utakuwa umeharibu chumba kwa siku mbili. Jibu "starehe, tumekula sasa hivi," kwa tabasamu. Chai, soda au juisi iliyokwisha funguliwa na mtu usiyemjua, usinywe wala usimpe mtoto, hata kama aliyekupa ni bibi mwenye tasbihi. Kinachomenywa mbele yako, ndizi, chungwa, muwa, pokea. Na wewe toa karanga zako, watu waonje. Jirani aliyekula karanga zako atakuangalizia begi ukienda chooni.

Vyakula vyenu wenyewe vya kutoka navyo ni chapati, mayai ya kuchemsha yaliyo na maganda bado, viazi vitamu, mkate. Wali na pilau zile za kuliwa siku ileile, usizibakishe mpaka kesho, joto la behewa linaziharibu kabla hazijatoa harufu. Baada ya hapo njia yenyewe itawalisha. Stesheni ya Saranda wachuuzi watakuja na kuku, na baba mkwe atakuwa ameshaanza kuwasimulia kuku wa Saranda tangu Morogoro, muacheni. Tabora mtapata asali. Nunueni kilicho cha moto, mkiwa ndani, dirishani. Kwanza upokee bidhaa, ndipo utoe pesa, na iwe chenji kamili, kwa kuwa treni haimsubiri anayetafuta chenji. Behewa la mgahawa lipo, na chai yake ya asubuhi ni mahali pazuri pa wewe na mumeo kuonana kama watu waliooana.

Tabora nataka uiandike mkononi. Pale ndipo njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, na mabehewa hukatwa na kupangwa upya. Treni ikikaribia Tabora kila mtu awe kwenye behewa lake, mtoto awe mikononi mwako, na asiwepo aliyekwenda kupiga soga behewa la mbele. Mumeo asishuke kunyoosha miguu mpaka amemuuliza mhudumu tunakaa kwa muda gani. Kuna watu wameamkia njia ya Shinyanga hali ndugu zao wanawasubiri Kigoma.

Baridi. Mtaondoka Dar mnatiririka jasho na utaona sweta ni upuuzi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Tabora iko juu zaidi ya hapo, na usiku wa Juni au Julai kwenye chuma hicho unauma. Msitegemee matandiko ya treni. Kila mtu na shuka, blanketi jepesi, soksi, na baba mkwe afunge kichwa. Wewe mwenyewe lala na dera pana, suruali nyepesi ndani na mtandio karibu, utajifunika na utaweza kushuka kitandani saa yoyote bila kutafuta nguo gizani. Kanga moja ya ziada uifunge kwenye kitanda cha juu ining'inie, hiyo ndiyo pazia yenu ya kubadilishia nguo.

Mbu msiwadharau kwa kuwa mnatembea. Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na karibu na Uvinza reli inapita bonde la mto Malagarasi. Kuanzia magharibi mikono mirefu, mafuta ya kufukuza mbu, dirisha limefungwa. Mtoto akipata homa mkiwa Ujiji, au hata wiki mbili baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo na mumwambie daktari mlikotoka.

Kwa sala, mkiwa safarini mna ruhusa ya kufupisha na kujumuisha, na mzee anayeogopa kuanguka anasali amekaa. Kibla chetu huku ni upande wa kaskazini. Elekeeni mnapoanza, treni ikikata kona baada ya hapo msihangaike nayo. Chupa ndogo ya kupulizia maji inatawadhisha watu wawili bila kulowesha kitanda cha mtu.

Mambo mawili ya kumwambia mumeo kabla hajafika dirisha la tiketi. Asichanganye treni. Ile ya umeme iliyoanza kupakia abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, ina viti tu, haina vitanda, na haifiki Kigoma. Yenu ni ya reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, ileile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo asitegemee ikimbie. Aulize hasa inaondokea stesheni gani, siku gani, saa ngapi, na aulize tena siku moja kabla. La pili ni mvua: kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimewahi kukatwa na mafuriko zaidi ya mara moja, njia ikafungwa. Kama mnasafiri kati ya Desemba na Aprili, dawa za wazee ziwe za wiki nzima zaidi ya siku za safari, na chakula cha mtoto kiwe cha siku moja ya ziada.

Mkifika Kigoma msiwe wa kwanza kushuka. Acha behewa lipungue, mumeo ashuke kwanza apokee mizigo kwa dirisha, kisha wazee washuke taratibu, ngazi ya treni iko juu kuliko goti la mama mkwe linavyokubali. Mpigieni ndugu wa Ujiji mkiwa Uvinza, wala msisubiri stesheni, wapate muda wa kuja na usafiri.

Na kurudi kwenu Dar, mtapewa dagaa na mawese, hilo halina mjadala. Dagaa waingie kwenye ndoo yenye mfuniko, mfuniko uzungushiwe selotepu, na galoni la mawese lisimame ndani ya ndoo nyingine. Yakimwagika kwenye mizigo ya watu, hata mavyaa hatakuokoa.

Shangazi